Chuma Hakipendi Haraka

Wasee, leo ni historia, lakini tuanze na baiskeli ya brathe yangu mdogo.

Ilikuwa ya mtumba, nyepesi sana, na kwa fremu kulikuwa na stika ya Cr-Mo. Ikapata ufa. Hapa Keumbu tukapata fundi wa jua kali, akaichomelea kwa stima, ikamwagiwa maji ipoe, tukalipa, tukaenda. Baada ya wiki mbili ikakatika kwenye mteremko. Brathe akapoteza meno mawili. Cha ajabu, mshono wenyewe ulikuwa mzima. Bomba lilikatika kando yake, kama nusu sentimita hivi.

Kila mtu akasema fundi ni bure. Ngoja kwanza.

Kabla ya mkoloni, wahunzi wa Abagusii walifua majembe na mikuki, na Waluo walileta mifugo kubadilishana. Mhunzi alijua moto ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni jinsi chuma kinavyopoa.

Wazungu nao walikutana na somo hilo kwenye ndege. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Fokker kule Ujerumani walijenga ndege za mabomba ya chuma yaliyochomelewa kwa gesi. Baadaye Wamarekani wakaingiza kromoli, ile inaitwa 4130: kaboni kama asilimia 0.3, kromiamu karibu asilimia 1, na molibdenamu kidogo. Ina nguvu kuliko chuma cha kawaida, kwa hivyo bomba linaweza kuwa jembamba na jepesi.

Lakini ina hasira. Mshono ukipoa unajikunja, chuma baridi kilicho kando kinakataa kuufuata, na huo mvutano unabaki ndani. Ikipoa ghafla, sehemu ya kando inakuwa ngumu na inavunjika kama glasi. Moto wa gesi ulisaidia bila makelele: unapasha eneo pana, na bomba linapoa polepole. Stima inapasha sehemu ndogo, na inapoa chap chap. Ndiyo maana mabomba manene hurudishwa kwenye tanuru, kama nyuzi 600, halafu yanaachwa yapoe taratibu. Membamba yanaachwa tu kwenye hewa tulivu. Hakuna upepo, hakuna maji. Fremu nyingi za bodaboda ni chuma cha kawaida, kinasamehe. Kromoli haisamehi.

Sasa ukweli wenyewe. Yule fundi alituambia, "Kijana, wacha ipoe yenyewe." Ni mimi nilichukua mtungi nikamwaga maji. Nilikuwa na video ya kushuti.

Nilirudi kumwomba msamaha. Hakusema mengi, alinionyesha tu kiti na kusema, "Kaa. Hii nayo bado ni moto."

Nikakaa. Kama uko na fremu ya Cr-Mo, mwambie fundi mapema, halafu nawe ukae.