Kondoa, India na swali la babu

Leo naomba tuzungumzie historia, ila naanzia nyumbani.

Mwaka 2006 babu yangu wa Kolo, kule kwenye michoro ya miambani, alianza kusumbuliwa na moyo. Ukoo ukakaa kikao. Neno likawa moja tu: India! Ng'ombe wanne wakauzwa, wa mjini wakachangishana, kianzio akapewa wakala mmoja aliyesema anazijua hospitali za huko. Wiki mbili baadaye simu yake haipatikani.

Babu hakulalamika. Alituuliza tu: "Hiyo hospitali nani kati yenu anaijua? Na mimi nani aliniuliza?" Alifariki mwaka uliofuata, kitandani kwake.

Swali lile limenifanya nifukue historia. Matibabu kutoka Asia hayakuanza na mawakala. Yalianza kama sadaka. Mwishoni mwa karne ya 19, tajiri wa Bagamoyo mwenye asili ya India, Sewa Haji Paroo, alitoa fedha ikajengwa hospitali Dar es Salaam. Ilifunguliwa 1897, mwaka aliofariki. Jina lake bado linatajwa Muhimbili, kwenye jengo la wodi.

Baada ya uhuru ikaja zamu ya urafiki wa serikali. Madaktari wa China walifika Zanzibar 1964 na Tanzania Bara 1968, hawa wa Bara wakitoka jimbo la Shandong. Mgonjwa hakuulizwa bei.

Kisha likaja soko. Mwaka 1993 tulianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ikatamka kwamba mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na matibabu bure kwa wazee yakawa ahadi. Lakini kwa magonjwa makubwa, serikali yenyewe ilikuwa ikipeleka wagonjwa India. Asiyepata nafasi hiyo alijitafutia njia, na hapo ndipo mawakala walipopata ulaji. Sisi tulikuwa wanunuzi tusioijua bidhaa.

Mambo yamebadilika, tusikatae. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza 2015, jengo lake likiwa limejengwa kwa msaada wa China. Novemba 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza, wakishirikiana na wataalamu kutoka India. Machi 2018 ikawa zamu ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, pamoja na madaktari wa Japani. Mwezi uliofuata ikazinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, inayopita Kondoa. Safari ile ya vumbi ya kutwa nzima sasa ni ya saa chache.

Lakini swali la babu lilikuwa na sehemu mbili. Ya pili, "nani aliniuliza", jibu lake nimelikuta Japani. Mwaka 2000 walianzisha bima ya matunzo ya wazee. Kabla mzee hajapewa huduma, mtu anatumwa nyumbani kwake kumwangalia na kumuuliza: unaweza kuamka mwenyewe? Kuoga? Kula? Majibu yanachangia kuamua apate msaada kiasi gani. Kwa hiyo utaalamu wa soko la afya si kujua bei za hospitali peke yake. Unaanzia kwa mzee mwenyewe, pale alipolala.

Sisi tulimhesabia babu ng'ombe, tiketi na viza. Hakuna aliyevuta kigoda akakaa naye nusu saa. Angetuambia, kama alivyomwambia bibi, kwamba anachotaka ni dawa za kumwezesha kulala usiku, na asiondoke Kolo.

Mdau, kwenu kuna mzee anayeumwa? Kabla hamjaitisha kikao cha michango, kaa naye kwanza. Muulize.

Naomba kutoa hoja.