Somo la Historia: Mashindano ya Makampuni ya Simu

Leo tutazungumza juu ya kitu kilicho mfukoni mwa wengi wenu, yaani simu ya mkononi. Tutaona jinsi makampuni yalivyogombea wateja, na jinsi mashindano hayo yalivyotugusa sisi watu wa Mbeya.

Hapo kwanza hapakuwa na mashindano. Kazi ya simu ilikuwa ya shirika moja la serikali, Posta na Simu. Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa, na simu zikashikwa na TTCL. Mwaka huo huo kampuni ya Mobitel ilianza simu za mkononi Dar es Salaam. Vodacom ilikuja mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Majina yamebadilika tangu hapo. Mobitel ndiyo iliyokuja kuitwa Tigo, na tangu 2024 yaitwa Yas. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Halotel, ya kampuni kutoka Vietnam, iliingia mwaka 2015.

Basi, kampuni hupataje wateja? Njia ya kwanza ni kupunguza bei. Njia ya pili ni kujenga minara mahali ambapo wengine hawajafika. Njia hizo mbili zatufaa. Lakini iko ya tatu, nayo ni kumzungushia mteja ua asitoke. Kumpigia mtu wa mtandao wako kulikuwa rahisi, lakini kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa ghali. Sababu moja ni ada. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni yako huilipa kampuni yake kwa kila dakika.

Mfikirie mkulima wa viazi wa Uporoto. Anao wanunuzi watatu: mmoja Mwanjelwa, mmoja Tunduma, mmoja Dar es Salaam, na kila mmoja ana mtandao wake. Mkulima huyo alilazimika kuwa na laini tatu. Asiyeweza aliuliza bei kwa mnunuzi mmoja tu, akauza kwa bei hiyo hiyo. Hasara yake haikuandikwa popote, lakini ilikuwa hasara.

Ua huo ulivunjwaje? Haukuvunjwa kwa siku moja. Mwezi wa Machi 2013 Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, iliishusha ile ada kutoka zaidi ya shilingi 100 kwa dakika hadi shilingi 34.92, na baadaye ikazidi kuishusha.

Fedha nazo zilikuwa na ua wake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata na huduma zao. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel ziliunganisha huduma zao za fedha, na mwaka 2016 Vodacom ikaungana nazo. Sasa fedha zikaweza kutoka simu ya mtandao mmoja na kuingia moja kwa moja katika simu ya mtandao mwingine. Mwaka 2017 mteja akapewa ruhusa ya kuhama kampuni bila kubadili namba yake.

Wazee husema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika biashara, tembo wakipigana nyasi zaweza kunufaika, lakini kwa sharti moja: mteja awe na uwezo wa kuondoka. Na ndugu mwanafunzi, ruhusa ya kuondoka haimfai asiyeweza kusoma bei. Kila ujumbe wa kifurushi una bei, dakika na siku za mwisho. Usinunue kabla ya kuvisoma vyote vitatu. Ndiyo sababu moja ya wewe kuwa darasani.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kampuni hutumia njia gani tatu kupata wateja? Ipi haitufai?
2. Kwa nini mkulima wa Uporoto alihitaji laini tatu?
3. Leteni jumbe mbili za vifurushi kutoka makampuni mawili. Kipi ni nafuu, na kwa nini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.