Taa, Nyavu na Ziwa: Historia Fupi ya Uvuvi Mbele ya Baraka

Usiku usio na mbalamwezi, mtu akisimama ufukoni Baraka na kutazama upande wa rasi ya Ubwari, huona taa za wavuvi zimetapakaa juu ya maji kama mji wa pili. Taa hizo zina historia yake, na ndani ya historia hiyo mna swali linalowasumbua wataalamu wa uchumi: je, watu waweza kuongeza pato lao mwaka hadi mwaka bila kumaliza chemchemi ya pato hilo, mradi tu watumie vitu kwa ubora zaidi?

Wazee wetu walivua ndagala kwa moto wa kuni uliowashwa juu ya mtumbwi, na kwa lusenga, yaani wavu wa kuchotea wenye mpini mrefu. Kuni ziliteketea nyingi, na samaki waliopatikana walikuwa wa kutosha nyumba chache. Katika miaka ya 1950 mambo yalibadilika upesi. Taa za karabai zilichukua nafasi ya kuni. Mitumbwi miwili ikaunganishwa kwa miti ili kuinua wavu mmoja mpana kutoka chini. Upande wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wafanyabiashara Wagiriki wakaleta mashua za injini zenye nyavu za kuzungushia kundi zima la samaki. Siku hizi karabai nayo inaipisha taa ya betri, ambayo haili mafuta. Ukipima kwa hesabu ya moto tu, kila hatua ilikuwa ushindi: nishati ikapungua kwa kila kilo ya samaki.

Lakini ziwa halikupumzika. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alieleza jambo lililowashangaza wasomaji wake. Injini za mvuke zilizohitaji makaa machache hazikupunguza matumizi ya makaa ya mawe katika nchi yake. Ziliyaongeza, kwa kuwa nguvu ya mvuke ilikuwa rahisi na kila kiwanda kikaitaka. Jevons hakupata kuliona Tanganyika, ila angewaelewa wavuvi wetu mara moja. Anayeokoa fedha ya mafuta hakai nyumbani kwa sababu hiyo. Hununua taa ya pili, kisha ya tatu. Na jirani aliyeshindwa na bei ya mafuta, sasa naye anaingia majini.

Nalo ziwa ni dogo kuliko linavyoonekana. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha mita zipatazo 1,470, lakini sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya kumwezesha samaki kuishi. Ndagala na mikebuka huishi katika tabaka la juu tu, na chakula chao hutegemea upepo unaokoroga maji na kupandisha rutuba kutoka chini. Maji ya juu yakipata joto zaidi, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba kwa sababu ya joto hilo uzalishaji wa mimea midogo ya majini umepungua kwa takriban asilimia 20. Kwa hiyo si haki kumtupia mvuvi wa Fizi lawama yote: sehemu ya joto hilo imetoka katika viwanda na magari ya nchi ambazo hazijui hata jina la Baraka. Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika Laudato si', mwaka 2015, alipoandika kwamba sehemu fulani za dunia hazina budi kukubali kupunguza ukuaji wao ili kwingine kupate kukua kwa afya.

Hata hivyo joto halifuti hesabu ya nyavu. Mwaka 2003 pia, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu ni mirefu kwa mama anayelipia karo kwa beseni la ndagala, na sheria isiyomwuliza atakula nini huvunjwa usiku. Mwezi wenyewe ulikuwa hakimu mpole zaidi: unapokuwa mpevu, taa hazivuti samaki, wavuvi hushona nyavu, na ziwa hupata siku zake kadhaa. Hakuna taa iliyoishinda amri hiyo bado.

Mimi naona ufanisi wenye faida ya kweli uko nchi kavu. Ndagala walioanikwa mchangani wakati wa masika huoza kabla ya kukauka, au hujaa mchanga na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wakianikwa juu ya kichanja, hewa hupita chini na juu, na mvua ikija hufunikwa haraka. Kila kilo iliyookolewa hivyo ni pato ambalo halikumtoa samaki mwingine majini. Jevons angetuonya hata hapa, kwamba bei nzuri huita mitumbwi mipya. Ndiyo maana kichanja bila mapatano juu ya idadi ya nyavu ni nusu ya kazi. Mapatano hayo yahitaji wavuvi wa Ubwari, wanawake wa sokoni na wakuu wa nchi nne. Kichanja chahitaji miti michache, wavu uliochakaa, na vijana wawili wenye nyundo, kabla mvua hazijaanza.