Vipepeo wa Ziwa Victoria: Kutoka Wavu hadi Macho

Elimu ya vipepeo kando ya Ziwa Victoria iliingia kwa mlango wa malale. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ugonjwa huo ulikuwa ukiua watu kwa maelfu kuzunguka ziwa, na baadaye wakazi wa visiwa vya Ssese, Uganda, wakahamishwa. Daktari Mwingereza G. D. Hale Carpenter, aliyeingia utumishi wa tiba Uganda mwaka 1910, alipelekwa visiwani kuchunguza mbung'o wanaoeneza malale. Saa zake za mapumziko alizitumia kwa vipepeo, na huko ndiko alikojijengea jina.

Carpenter alimfuatilia Pseudacraea eurytus, kipepeo anayeiga sura za vipepeo wachungu ambao ndege huwakwepa. Bara, mwigaji hufanana barabara na anayeigwa. Visiwani ambako wachungu walikuwa haba, alikuta waigaji wengi wenye sura za nusu huku, nusu kule. Ndege ambao hawajaonja uchungu hawana cha kuogopa, kwa hiyo anayeiga vibaya haliwi zaidi kuliko anayeiga vizuri. Huo ulikuwa ushahidi mzito wa uteuzi wa asili, nao ulitoka katika ziwa hili. Mwaka 1920 Carpenter alichapisha kitabu chake, A Naturalist on Lake Victoria.

Upande wa Kenya, T. H. E. Jackson, mlowezi wa Kitale aliyeuawa mwaka 1968, aliwafundisha Waafrika kazi ya kunasa vipepeo na kuwatuma nchi nyingi. Makusanyo yake makubwa yana deni kwa mikono hiyo, na haki ni kulitaja. Mwaka 1991 Torben Larsen alitoa kitabu cha vipepeo wa Kenya, na utambuzi ukawa rahisi kwa asiye mtaalamu.

Wakati huohuo ufuo wenyewe ulianza kulindwa: kisiwa cha Ndere kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1986, na eneo la swala la Kisumu mwaka 1992.

Somo la Carpenter lingali linaonekana kwa anayetembea ufuoni asubuhi ya jua, baada ya mvua. Danaus chrysippus, mchungu wa rangi ya chungwa, huruka polepole bila woga. Jike la Hypolimnas misippus humwiga kiasi cha kumchanganya mtazamaji, ilhali dume lake ni jeusi lenye mabaka meupe. Siri iko kwenye bawa la nyuma: mchungu ana madoa meusi matatu katikati, mwigaji ana moja tu ukingoni. Madoa hayo huonekana kipepeo akitua na kukunjua mabawa, bila wavu.