Mila Darasani: Malangali, Githunguri na Swali la Mwenye Shule

Kabla ya shule za misheni na za serikali kuenea, jamii nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na utaratibu wao wa kufunza, ambao haukutenga maarifa na maisha ya kila siku: kulikuwa na jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana, kulikuwa na mafunzo ya rika, yaani kundi la watu walioingizwa utu uzima kwa pamoja na kubaki na wajibu wa pamoja maisha yao yote, na kulikuwa na baraza za wazee ambamo vijana walisikiliza historia, sheria na adabu. Shule mpya zilipokuja zilizipita taasisi hizo kana kwamba hazipo. Wamisionari walijifunza lugha za wenyeji kwa bidii kubwa ili watafsiri Maandiko, lakini mila nyingi walizihesabu kuwa kikwazo cha imani, na Wajerumani, kwa upande wao, walijenga shule za serikali kwa lugha ya Kiswahili kwa sababu walihitaji makarani na maakida wa kusimamia vijiji, si kwa sababu walitaka kuhifadhi chochote. Ni jambo la kuzingatia, basi, kwamba katika miaka ya 1920 waliotaka mila zirudi darasani walikuwa watawala wenyewe, ambao sasa walikuwa Waingereza.

Chanzo cha mabadiliko hayo kilikuwa nje ya Afrika. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, ilizuru Afrika Mashariki ikiwa na mtazamo uliotokana na shule za Hampton na Tuskegee, zilizofundisha Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini kilimo na kazi za mikono. Mwaka 1925 Uingereza ilitoa waraka wa sera uliosisitiza kwamba elimu ilingane na kazi na mapokeo ya kila jamii. Mwaka huohuo Sir Donald Cameron alifika Tanganyika akiwa gavana, akaanza kujenga utawala usio wa moja kwa moja, yaani utaratibu wa kuwatawala wenyeji kupitia machifu wao. Uhehe ulikuwa mfano wake dhahiri: mwaka 1926 Sapi, mwana wa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alirudishwa katika uchifu. Serikali iliyotaka machifu ilihitaji pia vijana ambao wangekubali kutawaliwa kwa jina la ukoo na desturi, na shule ndiyo iliyotarajiwa kuwatayarisha.

Jaribio lililokwenda mbali kuliko yote lilifanyika Malangali, katika nyanda za juu za kusini, ambako shule ya serikali ilianza mwaka 1928 chini ya W. Bryant Mumford. Yeye aliamini kwamba shule ya kawaida humng'oa kijana katika jamii yake, na kwamba dawa ni kuijenga shule juu ya misingi ya jamii hiyo. Wavulana walivaa mavazi yaliyobuniwa kwa kufuata ya wenyeji badala ya kaptura na shati, walichunga ng'ombe, walicheza ngoma za kwao, na wazee waliitwa shuleni kuwasimulia historia na desturi za makabila yao. Katika uwanja ambamo shule nyingine zingekuwa na mpira, walirusha mikuki. Si rahisi kulipita jambo hili la mikuki kwa haraka. Agosti 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Kihehe waliokuwa na mikuki mingi na bunduki chache waliangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, na Mkwawa hakushindwa mpaka mwaka 1898, alipojiua ili asikamatwe. Miaka 30 baadaye wajukuu wa vita hivyo walikabidhiwa mkuki na mwalimu Mwingereza ili wapimwe umbali na shabaha. Silaha ilikuwa ni ileile, lakini uamuzi wa kuinua mkono, na dhidi ya nani, haukuwa tena wao.

Haitakuwa haki kumhesabu Mumford kuwa mnafiki, kwani maandishi yake yanaonyesha mtu aliyeheshimu kwa dhati yale aliyoyaona, na kumpa mzee wa kijiji nafasi ya mwalimu lilikuwa jambo ambalo shule nyingi hata leo hazijalithubutu. Kasoro ilikuwa katika msingi wenyewe. Wanafunzi walitoka katika makabila mbalimbali na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, hivyo mila iliyofunzwa ilikuwa imekwisha kukatwa kutoka katika lugha iliyoibeba. Na aliyechagua lipi lihifadhiwe na lipi liachwe alikuwa ofisa wa serikali. Zaidi ya hayo, mshahara wa karani haukutegemea shabaha ya mkuki. Katika miaka ya 1930 jaribio lilififia, na Malangali ikafuata mkondo wa shule nyingine za serikali.

Wakati huohuo, upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, Wakikuyu walikuwa wakijibu swali lilelile kwa namna iliyowashangaza watawala. Mwaka 1929 baadhi ya misheni, ikiwemo ile ya Kanisa la Scotland, ziliwataka walimu na waumini waukane ukeketaji wa wasichana, na maelfu wakajitoa katika makanisa na shule za misheni hizo. Madhara ya ukeketaji hayana utetezi, na haifai kuyafunika kwa vazi la utamaduni; lakini waliojitoa walikuwa pia na hasira ya ardhi iliyotwaliwa na ya shule ambazo hawakuwa na sauti ndani yake. Walijenga shule zao wenyewe, nyingi zikaungana mwaka 1934 katika chama kilichojulikana kwa kifupi KISA, na nyingine, hasa za Kiambu, katika chama cha Karing'a.

Mtu angetarajia kwamba shule zilizozaliwa na ugomvi wa mila zingefundisha mila tu. Lakini wazazi waliozijenga walidai Kiingereza, tena mapema kuliko ilivyoruhusu sera ya serikali iliyotaka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mama. Walijua kwamba sheria, hati za ardhi na kazi nzuri zilikuwa kwa Kiingereza, na waliiona sera hiyo kuwa ua wa kuwazuia. Mila waliiweka mahali pengine, katika namna ya kuiendesha shule. Mbiyu Koinange, ambaye alisoma Hampton yenyewe na baadaye Columbia, alipoanzisha chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939, fedha zilichangishwa kwa kutumia marika, kila rika likiona aibu kupitwa na jingine, na wanawake nao wakachanga kwa marika yao ili bweni la wasichana lijengwe. Hapo rika halikuwa somo la kusimuliwa na mzee aliyealikwa. Lilikuwa ndilo mfuko wa ujenzi na bodi ya shule. Jomo Kenyatta alikiongoza chuo hicho baada ya kurejea nchini mwaka 1946.

Serikali iliyokuwa imehubiri elimu ya kimapokeo haikuweza kuivumilia ile iliyokuwa na mwenyewe. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, Githunguri na shule nyingine za kujitegemea zilifungwa, na uwanja wa chuo ukageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Baada ya uhuru Kenya ilipanua Kiingereza tangu darasa la kwanza, mpaka Kamati ya Gachathi ilipopendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, yaani lugha inayotumika zaidi mahali shule ilipo. Pendekezo hilo limo pia katika mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, na wazazi wengi bado wanalipokea kwa wasiwasi uleule wa wajenzi wa shule za KISA, kwa kuwa mitihani mikubwa na nafasi za kazi zimebaki kwa Kiingereza.