Kutoka Kitabu cha MTUHA hadi Seva: Historia ya Uhandisi wa Programu za Afya kwa Mtazamo wa Mugoma, Wilayani Ngara

1.0 Utangulizi

Kata ya Mugoma imo katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, kwenye pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Historia ya uhandisi wa programu za kompyuta huandikwa zaidi kutoka mahali penye maabara na viwanda. Makala haya yanaitazama kutoka upande wa pili: zahanati ya kijijini katika kata za aina ya Mugoma, ambako mhudumu wa afya huandika kwa kalamu jina la mgonjwa katika kitabu cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Hoja kuu ni kwamba mwelekeo mpya wenye maana zaidi katika taaluma hii umekuwa kumtambua mwandishi huyo wa kwanza kuwa mshiriki katika usanifu wa programu. Pale asipotambuliwa, seva yenye kasi husafirisha haraka taarifa iliyokwisha kuchelewa.

2.0 Usuli

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1968, wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO, nao wakalipa jina la uhandisi wa programu umaarufu wake. Walikutana kwa sababu ya hofu: programu kubwa zilichelewa, ziligharimu kupita makadirio na mara nyingi hazikufanya kazi iliyokusudiwa. Tanzania ilionja hofu hiyo kwa vitendo. Baada ya mfumo wa hesabu uliowekwa Hazina kushindwa kuleta matokeo yaliyotarajiwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Kwa kawaida uamuzi wa 1974 husimuliwa kama kikwazo cha maendeleo. Hata hivyo, unaweza pia kusomwa kama jibu la mapema kwa swali lililoulizwa Garmisch: nani hulipa gharama pale programu iliyosanifiwa mbali inaposhindwa mahali inapotumika?

3.0 Kutoka Oslo hadi Dar es Salaam

Jibu la kitaaluma lilianza kujengwa nchini Norwei. Kristen Nygaard, ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl alibuni lugha ya SIMULA katika miaka ya 1960, alishirikiana mwanzoni mwa miaka ya 1970 na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali ili wafanyakazi wenyewe wawe na sauti kuhusu mitambo ya kompyuta iliyoingizwa viwandani. Kutokana na kazi hiyo ulikua utaratibu wa usanifu shirikishi.

Utaratibu huo ulifika Afrika kupitia mradi wa HISP, ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukifikia kikomo. Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake wa Cape Town walitengeneza programu ya DHIS kwa ajili ya kujumlisha taarifa za afya ngazi ya wilaya. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya kama programu huria ya mtandaoni na kuanza kutumika Kerala, India, mwaka 2006.

Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijiunga na mtandao huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2011 Kenya ilieneza DHIS2 nchi nzima kwa kutumia seva moja na modemu za simu. Kutokana na hali ya mtandao katika nchi za aina hiyo, fomu ya kuingizia takwimu iliboreshwa ili kivinjari kihifadhi kilichoandikwa mtandao unapokatika na kukituma unaporejea. Tanzania Bara nayo ilieneza mfumo huo mikoa yote kufikia mwaka 2014. Kwa wilaya kama Ngara na Biharamulo, ambazo kwa miaka mingi zilipata umeme wa jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa, uwezo huo ndio ulioamua kama programu itatumika au itaachwa.

4.0 Hesabu katika wilaya ya mpakani

Ngara ina historia yake katika suala la kuhesabu watu. Kwa makadirio ya UNHCR, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 mwishoni mwa Aprili 1994 wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benako ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Makadirio yoyote ya idadi ya watu wilayani yaliyofanywa kabla ya siku hiyo yalipoteza maana.

Tatizo hilo hubaki katika sura ndogo hata nyakati za amani. Kiwango cha chanjo ni sehemu: kiasi ni watoto waliochanjwa, na asili ni watoto wanaokadiriwa kuishi katika eneo. Mama anayevuka mpaka na mtoto wake huongeza kiasi bila kuongeza asili, hivyo matokeo yanaweza kupita asilimia 100. Programu inayosanifiwa bila kumsikiliza mhudumu wa mpakani italiona jambo hilo kuwa kosa la uandishi. Mhudumu anajua kuwa ameandika sawasawa. Kilichokosewa ni makadirio.

5.0 Biharamulo, 2025

Uzito wa hoja hii ulidhihirika jirani na Ngara. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuthibitishwa kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mgonjwa wa kwanza aliyetambuliwa alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024, siku 42 kabla. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na 8 walidhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki.

Taarifa za kawaida za MTUHA hukusanywa kila mwezi, na mwezi ni muda mrefu mno kwa maradhi ya namna hiyo. Ndiyo maana Tanzania ilijenga pia, juu ya msingi wa DHIS2, mfumo wa kutoa taarifa za magonjwa ya mlipuko kwa USSD kupitia simu ya kawaida isiyohitaji intaneti. Hata hivyo, njia hiyo nayo huanza kwa mtu kumtazama mgonjwa, kushuku na kubonyeza. Hakuna seva inayoweza kushuku kwa niaba yake.

6.0 Hitimisho

Uhandisi wa programu za afya sasa unaelekea kwenye kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja badala ya jumla za mwezi. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zimeweka mipaka ya safari hiyo. Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba sheria na teknolojia peke yake hazitoshi. Mfumo wa Hazina ulishindwa ilhali mashine zilikuwapo. DHIS2 ilidumu kwa kuwa ilikubali kurekebishwa na waliokuwa wakiitumia. Kwa zahanati ya kata kama Mugoma, kipimo cha mfumo wowote mpya kitabaki kuwa hiki: kama aliyeshika kalamu anaweza kuuambia mfumo kwamba umekosea, na mfumo ukarekebishwa.