Sauti Iliyochujwa na Sauti Iliyochelewa

Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na hatimaye Radio Tanzania mwaka 1965, msikilizaji wa Nyasura huko Bunda, aliye mbali na pwani na jirani wa Ziwa Victoria, alizipokea habari kwa mawimbi ambayo, jua likishakuchwa, huingiliwa na mawimbi ya mataifa mengine. Na kwa sababu hiyo kitufe cha toni cha redio ya transista hakikuwa pambo. Ndani yake mlikuwa na rezista na kapasita, navyo kwa pamoja ni kichujio kipitishacho sauti nzito na kufifisha nyembamba, miluzi na mchakacho vikiwamo.

Lakini kila kichujio kina gharama. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza redio, aliyekigeuza kitufe kile kupita kiasi aliondoa mchakacho, na pamoja nao akaondoa herufi kama *s* na *f*, ambazo nguvu yake imo katika sauti nyembamba. Maneno yakabaki mazito, yasiyo na makali.

Asili ya elimu hii ya vichujio ni simu. Mwaka 1915 George Campbell huko Marekani na Karl Willy Wagner huko Ujerumani, kila mmoja kwa juhudi yake, walibuni vichujio vya umeme, ili mazungumzo mengi yapite katika waya mmoja bila kuchanganyika. Mwaka 1930 Mwingereza Stephen Butterworth akaeleza namna ya kutengeneza kichujio kisichopendelea sauti yoyote miongoni mwa zile kinazozipitisha. Wakati huo wahandisi wa simu walikuwa wamekwisha kung'amua balaa nyingine katika nyaya ndefu: sauti haitoshi kupimwa kwa nguvu yake peke yake, bali pia kwa saa yake ya kufika, kwani mitetemo iliyotoka mdomoni pamoja huweza kufika sikioni kwa nyakati mbalimbali, mfano wa msafara wa harusi utokao Nyasura kwenda Butiama, vijana wakatangulia na wazee wakabaki nyuma. Kuchelewa huko kwa kila sauti ndiko kuitwako ucheleweshaji wa kundi. Mwaka 1949 W. E. Thomson aliitumia hesabu ya Bessel, mtaalamu wa falaki wa karne ya 19, kutengeneza kichujio kinachochelewesha sauti zote karibu sawasawa, ingawa ukataji wake ni wa taratibu mno.

Kwa hiyo mwenye kuchagua yumo baina ya mawili: akate kwa ukali, au alinde usawa wa muda. Kwa maoni yangu, wengi huogopa mahali pasipostahili hofu. Blauert na Laws walionyesha mwaka 1978 kwamba sikio huanza kuhisi tofauti ya muda inapofikia kiasi cha milisekunde 1 penye mitetemo 2,000 kwa sekunde, na 2 penye 1,000. Kichujio cha Butterworth cha daraja la nne, mpaka wake wa kukata ukiwekwa penye mitetemo 20,000, huchelewesha sauti za chini kwa milisekunde 0.02 tu, kuna haja gani ya kukilalamikia? Kichujio kile kile kikishushwa hadi 80, kama kiwekwavyo katika sabufa, yaani spika ya sauti nzito, ucheleweshaji hupanda hadi milisekunde 5, na huzidi hapo karibu na mpaka wenyewe.

Hapo ndipo mafundi wa muziki wa harusi za Bunda wanapokuwa na kazi ya haki. Spika ndogo zikiachiwa sauti nzima bila kichujio, ngoma husikika kwanza katika hizo, ndipo besi yake ifuate. Fundi asiye na chombo cha kuchelewesha hana lazima ya kukinunua: milisekunde 5 ni mwendo wa sauti wa mita 1.7 hivi hewani, basi na aisogeze sabufa mbele kwa kiasi hicho, au azirudishe nyuma zile ndogo, kisha asikilize tena.